Maneno Yaliyofutwa Juu ya Kaburi la Baba

Mdogo wangu wa kiume akitaka kujua jambo kuhusu baba, huniuliza, "Dada, alisema hivyo kweli?" Mdogo wetu wa mwisho, wa kike, huniuliza, "Alisema lini, na alikuwa anamwambia nani?" Kwa miaka mingi nilidhani ni tofauti ya tabia tu, kama vile mmoja anavyopenda ugali mgumu na mwingine laini. Sikujua kwamba maswali haya yangekuja kukaa katikati yao, wasiweze kuonana.

Wote wawili wanafundisha chuo kikuu, kila mmoja mji wake. Wa kiume amesomea uchumi, wa kike historia. Mimi niliishia kidato cha pili, mwaka tuliobaki bila wazazi, na tangu hapo nauza dagaa wa Nyasa katika soko la Majengo. Wa kiume alikuwa bado hajaanza shule. Wa kike nilikuwa nambeba mgongoni, nikipima dagaa huku analala. Sisemi haya ili nisifiwe. Nasema ili ieleweke kwamba hawa wawili hawakumjua baba. Wa kiume anakumbuka harufu ya tumbaku kwenye nguo zake. Wa kike hakumbuki kitu.

Nilishangaa waliponiambia, kila mmoja kwa wakati wake, kwamba katika masomo yao wameangukia jambo lilelile: jinsi watu wa zamani walivyofikiri kuhusu mali, bei na kazi. Niliuliza inakuwaje mtu wa uchumi na mtu wa historia wakasoma kitu kimoja. Ilikuwa Krismasi, tuko jikoni kwetu Lizaboni, nasonga ugali.

"Ni kama shamba la urithi, dada," alisema wa kiume. "Babu alifyeka, baba akang'oa visiki, sisi tunapanda. Nikiwasoma wale wa zamani nataka kujua nani aling'oa kisiki gani, na kisiki gani kimebaki kinatuvunjia jembe."

"Msikie huyu," alisema wa kike. "Anadhani walikuwa wanamlimia yeye! Kaka, wale watu walilima ili wale mwaka uleule. Hawakujua kama utazaliwa."

"Kwa hiyo tusiulize kama walikosea?"

"Uliza. Lakini kwanza ujue walikuwa wanajibu swali gani. Wewe unachukua jibu la mtu, unalipeleka kwenye mtihani wako ambao yeye hakuuona, halafu unampa maksi."

"Afadhali mimi natoa maksi. Kwako wewe darasa zima limefaulu. Kila mtu alikuwa sahihi kwa wakati wake!"

"Sijasema sahihi. Nimesema anaeleweka."

"Mtu akikwambia jua linazunguka mlima wa Matogoro, utamwelewa au utamsahihisha?"

"Nitamuuliza amesimama wapi."

Tulicheka mpaka mwiko ukanitoka mkononi. Siku hiyo nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena. Niliwasikiliza wakibishana kama mtu anavyosikiliza mvua ya kwanza juu ya bati, bila kujali inasema nini, ilimradi inyeshe.

Sasa niseme kuhusu baba. Alikuwa mtu wa ushirika, kazi yake kupita vijijini upande wa Namtumbo akiwafundisha wakulima wa tumbaku na mahindi. Hakuwa msomi mkubwa, lakini alikuwa na fundisho lake, na fundisho lenyewe lilikuwa sentensi moja: bei ni ya anayeweza kungoja.

Nilimsikia akilifundisha. Wakati wa likizo alinichukua kwenda kijiji kimoja, mkutano ukafanyika ndani ya ghala, watu wamekaa juu ya magunia. Baba aliuliza nani amekula asubuhi, na nani hajala. Akamwita mbele mmoja aliyekula na mmoja mwenye njaa, akawapa kila mmoja hindi la kuchoma. Halafu akamnyang'anya mwenye njaa hindi lake, akampa aliyeshiba. "Haya, fanyeni biashara," akasema. Aliyeshiba akakaa kimya, anageuzageuza mahindi yake. Mwenye njaa akaanza kutoa ahadi. Watu wakaanza kumzomea, "Usikubali, wewe!" Mwishowe akavua kofia yake, kofia nzuri ya pamba, akaitoa kwa hindi moja. Ghala zima likaangua kicheko. Baba akangoja kicheko kiishe, akasema, "Hakuna aliyemlazimisha. Bei ni ya anayeweza kungoja. Kwa hiyo kabla ya kulima cha kuuza, jaza chakula ndani. Lori likija mwezi wa sita, uweze kulitazama tu."

Kisha akaamuru kofia irudishwe.

Nyumbani pia aliishi hivyo. Chumba cha nyuma kilikuwa cha magunia ya mahindi, na mchuuzi akipiga hodi wakati wa mavuno baba alimkaribisha chai, wakazungumza habari za mvua, akamsindikiza bila kuuza.

Mwaka ambao mama alianza kuumwa kifua, mahindi yalikuwa mengi na bei ilikuwa chini sana. Hospitali ya hapa walishauri apelekwe mbali, kwenye hospitali kubwa zaidi. Lori la mchuuzi lilikuja mpaka langoni kununua. Nakumbuka baba akiwa amesimama mlangoni mwa chumba cha nyuma, mkono kwenye fremu, mama anakohoa ndani. Alisema, "Tungoje kidogo. Mwezi ujao yatapanda, tutakwenda kwa raha." Hakuwa mchoyo. Alimpenda mama kuliko sisi sote. Alifanya alichokuwa anafundisha, kwa sababu alikiamini.

Mama hakufika mwezi uliofuata. Tulipika ugali wa matanga kwa mahindi yale yaliyokuwa yakingoja.

Baada ya msiba baba alimwita mchuuzi wa kwanza aliyepita, akamfungulia chumba, akasema chukua. Hakuuliza bei. Kazini aliendelea kwenda, lakini sentensi yake hakuisema tena. Mimi nilikuwa nasubiri aiseme, kama unavyosubiri mtu apige chafya. Haikuja. Mwaka uliofuata naye tukamzika, kando ya mama, kwenye shamba la babu, njia ya kwenda Namtumbo.

Nikawalea wadogo zangu kwa sentensi ileile. Sikuwa na nyingine. Wa kiume alipotaka kuacha shule afuate wenzake kwenye machimbo, nilimwambia, "Baba yako alikuwa anasema, bei ni ya anayeweza kungoja. Ngoja." Alingoja. Alikwenda nayo mpaka chuo kikuu, na huko akagundua, alivyoniambia kwa simu huku sauti inamtetemeka, kwamba kuna wataalamu wakubwa duniani walioandika vitabu vizima kusema alichosema baba ghalani. Akaandika makala kuhusu baba. Akaiwasilisha mbele ya maprofesa. Alinisomea kipande: alimchora baba kama mtu aliyetangulia, aliyeng'oa kisiki kabla ya wengine kufika na majembe. Nililia sokoni, wateja wakadhani nimepata habari mbaya.

Kumbe mdogo wake alipoisoma makala ile hakulia. Alipanda basi, akaja na kinasa sauti.

Alinikalisha chini mchana mzima. Alisema lini? Mkutano ule uliitishwa na nani? Mwenye njaa alikuwa mtu wa ukoo gani, kwa nini hakuwa amekula? Wakulima walikuwa na deni la mbolea? Baba alivaa nini? Alitumia Kiswahili au Kingoni? Nilijibu nilichojua. Nilipofika kwa mama, nilisimulia yote, kwa sababu aliuliza, "Na mara ya mwisho kusema maneno hayo ilikuwa lini?" Kaka yake hajawahi kuuliza hilo hata siku moja.

Alizima kile kinasa. Halafu akasema, kwa upole wa mtu anayefanya kazi yake, "Dada, usijisikie vibaya. Nitawatafuta na wazee wengine waliokuwepo. Kumbukumbu ya mtu inabadilika kila anapoisimulia, na wewe ulikuwa mtoto."

"Mimi nilikuwa mtoto?" nilimwambia. "Na wewe ulikuwa nani? Ulikuwa kitambaa mgongoni mwangu."

Alicheka, akanikumbatia, lakini liliniuma. Nilipompigia kaka yake kumsemea, naye akanijibu, "Mwache na tarehe zake. Kauli ikiwa kweli, siku haina kazi. Moto unaunguza Jumatatu na Jumanne." Hilo nalo liliniuma, sikujua kwa nini. Mmoja alikuwa ananitilia shaka, mwingine hakunihitaji.

Mwaka jana niliamua tuyajengee makaburi. Yalikuwa bado udongo na misalaba ya mbao iliyoliwa na mchwa. Novemba ni mwezi wa kuwaombea marehemu, na nilitaka tusimame pale watatu, padri abariki, tumalize. Hilo tu ndilo nililolitaka. Tangu tumzike baba hatujawahi kusimama pale watatu kwa pamoja. Kila mara mmoja alikuwa shule.

Fundi tulimtoa mtaa wa Msamala, mzee mwenye utani mwingi. Alisakafia la mama kwanza, akachora msalaba na jina kwa msumari wakati saruji ni mbichi, ndivyo tunavyofanya huku. Wa kiume alikuwa amefika tangu jana yake kwa gari lake. La baba liliposawazishwa, fundi aliuliza, "Huyu naye jina tu?"

"Na maneno," alisema mdogo wangu. Akamwambia. Fundi akayachora polepole, ulimi umetoka pembeni ya mdomo, herufi kubwa: BEI NI YA ANAYEWEZA KUNGOJA.

"Mzee wenu alikuwa na duka?" aliuliza fundi.

"Alikuwa mwalimu."

"Basi aliwafundisha matajiri. Maskini gani anangoja?"

Tulikuwa bado tunatabasamu pikipiki ilipofika. Mdogo wetu alishuka na begi lake, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alimwamkia fundi shikamoo, akanikumbatia, akamshika kaka yake bega. Kisha akasoma. Nilimwona akisoma mara ya pili, ingawa maneno yalikuwa machache.

"Nani kaandikisha?"

"Mimi," alisema kaka yake. "Ni maneno yake."

"Maneno yake ya lini?"

"Ah, umeanza. Ya maisha yake yote."

"Si ya maisha yake yote. Aliyaacha. Mama alipokufa aliyaacha, hakuyasema tena. Muulize dada."

Kaka yake alinigeukia. Uso wake ulikuwa kama ule wa utotoni, alipokuwa akiniuliza kama baba atarudi. "Dada?"

"Aliyaacha," nilisema.

"Kwa nini?"

Nilifungua mdomo, lakini mdogo wake alinitangulia. Alimwambia yote, pale pale, kati ya makaburi mawili. Lori langoni. Mwezi ujao. Mkono kwenye fremu ya mlango. Alimwambia kama mtu anayesoma ushahidi, bila kupandisha sauti, na nadhani ingekuwa afadhali angepiga kelele.

Mdogo wangu wa kiume alikaa juu ya mfuko wa saruji. Aliposema, hakunitazama mimi.

"Basi yalimuumiza. Sikujua. Lakini hayakuwa uongo. Malori yanakuja mpaka leo. Watu wa kijiji hiki wanauza mwezi wa sita, na mwezi wa pili wananunua mahindi yaleyale kwa machozi. Mmoja akipita hapa akasoma, baba atakuwa bado anafundisha. Kwamba yalimshinda siku moja, hiyo haifuti ukweli wake."

"Siku moja?" alisema mdogo wake. "Mama amelala hapo ubavuni. Unataka alale na hayo maneno milele?"

"Mama hasomi."

"Wewe ndiye usiyesoma! Umemchukua baba ukamkata kichwa, ukaenda na sentensi. Mtu mwenyewe umemwacha hapa."

"Na wewe umemchukua mtu mwenyewe ukaacha alichokuwa nacho. Umebaki na mgane anayelia. Baba alifikiri! Alikuwa na akili! Wewe huoni hata hilo?"

"Jamani wasomi," alisema fundi, "saruji haingoji."

Hakuwa na nia mbaya. Ni kauli ya kazi yake. Lakini mdogo wangu wa kike aliweka begi chini, akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya neno la kwanza, akafuta. Alifuta kwa nguvu kuelekea kulia, kama mtu anayepangusa ubao, mpaka neno la mwisho. "Mama wee!" alisema fundi. Kaka yake hakusogea. Nami sikusogea. Nimezoea kuwatenganisha wakigombania kiporo. Hili sikujua nilishike wapi.

Fundi alichukua mwiko ili asawazishe. Mdogo wangu wa kiume alimzuia. "Acha hivyohivyo. Abaki akiona alichofanya." Akaingia ndani ya gari, akaondoka. Kesho yake padri alipokuja kubariki, tulisimama wawili. Mkono wa mdogo wangu wa kike ulikuwa umeunguzwa na saruji, umevimba, na mimi niliupaka mafuta ya nazi, kama nilivyokuwa nikimpaka alipokuwa mdogo.

Mwaka mzima hawakuzungumza. Kila mmoja alinipigia simu kwa wakati wake, na kila mmoja aliuliza, "Mwenzangu huyo hajambo?" bila kumtaja. Nilimwambia kila mmoja kwamba mwenzake hajambo. Jioni, nikifunga meza yangu sokoni, nilijiuliza ni yupi mwenye haki. Siku nyingine ni yule wa kiume, hasa wakati wa mavuno, nikiona mama wa jirani anatoa gunia kwa bei ya kofia. Siku nyingine ni yule wa kike, hasa nikisikia mtu anakohoa. Lakini mara nyingi nilifikiri kwamba mimi nilikuwa na baba, na wao wana mawazo yake tu, na ndiyo maana wanayagombania. Mtu aliyemwona baba akirudisha kofia ya mwenye njaa hana haja ya kujua nani mwenye haki.

Novemba hii nilimwomba kila mmoja aje. Wote walikuja. Wa kiume alikuja Jumamosi, akaondoka Jumapili asubuhi baada ya misa ya kwanza. Wa kike basi lake lilifika Jumapili mchana. Sijui kama walipanga hivyo kupitia mtu, au kila mmoja alikisia. Nilipika mara mbili.

Wa kiume nilikwenda naye makaburini. Nyasi zilikuwa zimepanda, tukazing'oa. Juu ya kaburi la baba alama ya kiganja ipo, mfereji mrefu wenye michirizi ya vidole, na mvua ya kwanza ilikuwa imeacha maji ndani yake. Alichutama, akayatoa maji kwa kitambaa chake. Kisha akaweka mkono wake mle. Haukuenea.

"Dada," alisema, "siku ile ya ghalani, baba alivaa nini?"

Miaka yote ile hajawahi kuniuliza kitu kama hicho. Nilimwambia: koti la kahawia, mfuko wa kushoto umechanika, na alikuwa ameweka hindi moja la kuchoma mfukoni humo kwa ajili yangu, masizi yake yakapenya nje. Aliuliza kama hindi lilikuwa bado la moto. Nilisema lilikuwa vuguvugu. Akauliza tulirudi kwa usafiri gani, na nani alikaa mbele. Nilimwambia yote niliyoyakumbuka, na pale nisipokumbuka nilisema sikumbuki. Alilia bila kujificha.

Wa kike nilikwenda naye jioni yake. Alisimama mbali kidogo na alama yake mwenyewe, mikono kwenye mifuko ya sweta. Niliwasha mishumaa, upepo ukaizima, nikaiwasha tena. Hakuniuliza lini wala nani. Alisema, "Dada, alikuwa sahihi?"

"Kuhusu bei?"

"Kuhusu bei."

"Alikuwa sahihi," nilisema.

Aliinamisha kichwa. Nilimwona akimeza mate kama mtu anayemeza dawa. Tulisali Salamu Maria, tukashuka barabarani.

Nyumbani aliona kikombe kingine mezani, akajua kaka yake amepita. "Alisemaje?" aliuliza.

"Aliniuliza baba alivaa nini."

"Kaka?"

"Kaka yako."

Alichukua simu, akaitazama mpaka kioo kikazima chenyewe. Akaiweka kifudifudi mezani, kando ya kikombe, akaenda kulala. Asubuhi basi lake lilikuwa la mapema, nikamsindikiza na dagaa niliomfungia kwenye gazeti. Sikumsukuma. Niliporudi niliosha vyombo vya watu wawili waliokula kwangu kwa siku tofauti, nikaifunika sufuria kubwa, ile ya watu watatu, nikaiweka pale ninapoweza kuifikia mwakani.